Kabla hujamfungia teja au mlevi wako chumbani, pita hapa kwanza (Tanga na kwingineko)

#1 Dirisha la Dawa

Wadau, salaam.

Msimu umewadia. Kila tunapokaribia mwezi mtukufu, dirishani kwangu hapa Ngamiani wanaanza kuja watu wenye swali moja. Mama anafika, anaangalia kulia na kushoto, anasubiri wateja wapungue, kisha ananong'ona: "Mwanangu, una dawa ya arosto?" Au mke wa mtu anataka dawa ya kumlaza mtu mzima siku tatu. Ukimdodosa unakuta mipango imeshakamilika. Chumba cha uani kimetolewa vitu, kufuli limenunuliwa, mjomba mwenye mabavu ameitwa kutoka Muheza. Vunja jungu ikipita tu, mtu anaingizwa ndani mpaka "uchafu umtoke".

Simlaumu mtu. Wanaoamua hivyo wameibiwa redio, wameuziwa mabati ya jikoni, wamechoka. Ila nimesomea famasia na nauza dawa mji huu huu, na kuna jambo naona halijulikani kabisa mitaani: mwili uliozoea unga (heroini) na mwili uliozoea pombe haiachi kwa namna moja. Teja ukimfungia atalia mpaka barabara ya pili wamsikie, lakini mara nyingi atatoka hai, na hatari yake kubwa iko siku utakapomfungulia mlango. Mlevi wa kutwa ukimfungia anaweza kukufia humo humo, siku ya pili au ya tatu, nyumba nzima ikidhani kapandisha jini.

Nianze na unga. Mwili wa kila mtu una kemikali zake za kutuliza maumivu, zinaitwa endofini. Unga unakwenda kukaa palepale zinapokaa hizo, kwa nguvu kubwa zaidi. Pumzi inapungua, utumbo unalala (muulize teja yeyote habari za choo), mboni za macho zinasinyaa, maumivu yote yanapotea. Sasa mwili haukubali kulala hivyo kila siku. Unaongeza nguvu upande wa pili ili mtu aamke, atembee, ale. Akitumia kila siku kwa wiki kadhaa, hiyo nguvu ya upande wa pili inakuwa ndiyo hali yake ya kawaida. Kata unga ghafla uone. Saa 8 hadi 12 hivi baada ya kete ya mwisho kila kitu kinageuka: mboni zinapanuka, tumbo lililolala linaharisha, pua na macho vinachuruzika, miayo haikatiki, vinyweleo vinasimama mwili mzima, mifupa inauma, miguu haitulii kitandani. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele. Kufika wiki, maumivu ya mwili yamepungua kwa wengi, ingawa usingizi na hamu ni habari ndefu zaidi.

Hiyo ndiyo arosto. Kwa mtu mwenye afya ya kadiri ni nadra imuue yenyewe. Anayekufa mara nyingi ameishiwa maji kwa kutapika na kuharisha, akiomba maji, na walioko nje wanaambiana "anatuigizia huyo, anataka tumfungulie".

Pombe sasa. Fikiria fuso limejaa mboga linashuka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Pombe ya kila siku ni mguu unaokanyaga breki muda wote. Ubongo ukiona gari haliendi, unakanyaga mafuta ili safari iendelee, na kadiri breki inavyoongezwa, na mafuta yanaongezwa. Hivyo hivyo mwaka, miaka. Siku unayomnyang'anya chupa umeondoa breki peke yake. Mafuta bado yamekanyagwa mpaka chini, na mbele ni kona za Soni.

Ndiyo maana saa 6 hadi 12 baada ya glasi ya mwisho mikono inatetemeka, jasho linamwagika, moyo unakwenda mbio. Tangu hapo mpaka kama saa 48 anaweza kuanguka na kukakamaa kama mwenye kifafa, hata kama hajawahi kuwa nacho. Kati ya siku ya pili na ya nne inaweza kuja ile hali madaktari wanaiita diliriamu tremensi: anaona siafu ukutani, anazungumza na marehemu babu yake, hajui yuko wapi wala leo siku gani, homa na presha vinapanda. Isipotibiwa inaua. Ikiwahiwa hospitali, wengi mno wanapona.

Hospitali wanatumia dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu, kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1 kwa sababu mlevi wa muda mrefu huwa ameishiwa nayo na ubongo unaharibika bila hiyo. Wanaoniomba niwauzie diazepamu kimyakimya "tumtulize wenyewe": siuzi, msikasirike. Dawa ile kwa mtu ambaye bado ana chupa chini ya godoro inaweza kuzima pumzi usiku mmoja.

Wa kumhofia ni nani? Anayetetemeka asubuhi mpaka atoe loki, yaani anywe kidogo ya kujituliza, ndipo ashike kikombe. Anayeanza kunywa alfajiri. Aliyewahi kuanguka au kuona vitu alipoacha zamani. Huyo ni wa hospitali kabla hajaacha, iwe anaacha kwa ajili ya Ramadhani, Kwaresima au ndoa.

Wenye uzoefu karibuni.

#2 Fundi Baiskeli

Natandika mkeka hapa. Waje wajuzi.

#3 Mgosi wa Soni

Mkuu, umeandika vizuri lakini mmezidi kutisha watu. Mjomba wangu alikuwa teja wa kutupwa. Tulimpeleka shamba Pangani, tukamfunga kamba mguuni kama wiki hivi, uji na maji tu. Akapona. Leo anauza samaki, ana mke. Hospitali gani? Teja dawa yake jembe.

#4 Dirisha la Dawa

> Mgosi wa Soni alisema: Tukamfunga kamba mguuni kama wiki hivi, uji na maji tu. Akapona.

Mgosi, mlimpa uji na maji, hapo mlifanya la maana kuliko wengi. Na alikuwa wa unga, siyo wa gongo, ndiyo maana uko hapa unatusimulia kwa furaha. Nikuulize: baada ya hiyo wiki alirudia au hakurudia?

#5 Mgosi wa Soni

Alirudia. Mara mbili. Ya tatu ndiyo ikakaa.

#6 Fundi Baiskeli

😂😂 Jembe lilikuwa butu mara mbili za mwanzo.

#7 Zamani Teja

Niseme na mimi, maana nimetajwa bila kutajwa.

Nimekula unga miaka, nimevuta kokteli (unga na bangi pamoja), nimejidunga. Nimefungiwa na familia zaidi ya mara moja. Braza mwenye uzi umeeleza arosto vizuri ila haujaisema ile kitu ya kusikia baridi na joto kwa pamoja, unavua shati unavaa shati. Na harufu. Kila kitu kinanuka, hata kitunguu cha jirani kinakutapisha.

Lakini nataka watu waelewe lile la siku ya kufunguliwa mlango. Jamaa yangu wa kijiwe kimoja alikaa gereza la Maweni miezi. Ndani alikuwa msafi kabisa, kanenepa, anaswali. Katoka asubuhi, kapita kwa mama yake kala wali, jioni kaja maskani. Akachukua kipimo kilekile alichokuwa anatumia siku anakamatwa. Tulikuwa tunacheka naye, dakika chache akawa anakoroma vibaya, midomo ikageuka rangi. Sisi tunajua nini? Tukamwagia maji, mtu akakimbilia maziwa, mwingine anampiga makofi. Wengine walikimbia kwa kuogopa polisi. Hakuamka. Familia mpaka leo inasema kuna mtu alimtegea, na ukiwaambia ni kipimo chake mwenyewe cha zamani wanakuona unamtetea pusha.

Mimi sasa hivi niko kwenye methadoni, ile dawa ya kunywa wanayokupa badala ya unga, hospitali ya Bombo. Naenda kila asubuhi, naikunywa mbele ya muuguzi, ananisemesha ahakikishe nimemeza, naondoka zangu kazini. Nashona nyavu. Wanaonijua kitambo wananipita barabarani hawanitambui.

#8 Dirisha la Dawa

Pole sana kaka. Nakuongezea hapo hapo maana ni muhimu.

Uzoefu wa mwili kwa unga unaondoka haraka kuliko watu wanavyodhani. Siku chache tu bila kutumia, kipimo cha jana kinaweza kuwa cha kuua. Kwa hiyo anayefungiwa wiki moja nyumbani kisha akaachiwa hivi hivi, bila kliniki, bila mtu wa kumfuata, yuko kwenye hatari kubwa kuliko alivyokuwa kabla ya kufungiwa. Na mazingira nayo yana kazi yake. Mwaka 1982 mtafiti Shepard Siegel na wenzake kule Canada walichukua panya waliozoeshwa heroini, wakawapa kipimo kikubwa: kundi moja palepale walipozoea kupewa, jingine katika chumba kigeni. Waliokufa katika chumba kigeni walikuwa karibu mara mbili. Mwili unajifunza mpaka mahali, unajiandaa kabla dawa haijaingia. Ukibadilisha mahali, maandalizi hayapo.

Ukimkuta mtu anakoroma kwa namna ile, mboni zimesinyaa, pumzi moja moja: achana na maziwa na maji ya kumwagia. Mwite kwa sauti, mtikise. Kama hapumui vizuri mpulizie pumzi mdomoni, na kama anapumua mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe. Mpeleke hospitali upesi na useme wazi ametumia nini. Kuna sindano inaitwa naloksoni, inaondoa unga mahali ulipokaa ndani ya dakika chache. Ila nguvu yake inaisha mapema, kwa hiyo akiamka asiondoke zake, anaweza kuzama tena.

#9 Kitasa cha Zamani

Tusidanganyane. Methadoni ni unga wa serikali. Umetoka kwa bosi mmoja umekwenda kwa bosi mwingine. Mtu aliyepona haamki kila siku kupanga foleni ya kikombe. Kaka #7 samahani lakini wewe bado teja.

#10 Zamani Teja

Samahani nimeipokea. Mimi bosi wa zamani alikuwa ananidai simu ya mama yangu. Huyu wa sasa anaomba niwahi tu.

#11 Dirisha la Dawa

> Kitasa cha Zamani alisema: Methadoni ni unga wa serikali.

Hoja yako naisikia kila wiki, tena kwa watu wasomi, kwa hiyo niijibu kwa kirefu kidogo.

Kuna mambo mawili watu wanayachanganya. Moja ni mwili kuzoea, yaani ukiikosa dawa unaumwa. La pili ni maisha yote kugeuka kuitafuta dawa hata ikuharibie ndoa, kazi na afya. Mgonjwa wa saratani anayepewa mofini ya kutuliza maumivu kwa miezi, ukiikata ghafla atapata arosto ile ile, miayo na kuharisha. Hakuna anayemwita teja, kwa sababu haibi wala hadanganyi kuipata, na ikipunguzwa polepole anaiacha. Mtoto mchanga wa mama anayetumia unga anaweza kuzaliwa akapata arosto ndani ya siku chache, analia sauti kali, anatetemeka, hanyonyi vizuri. Huyo naye ni teja?

Methadoni ni ya jamii moja na unga, sikatai, na mwili unaizoea. Tofauti ni mwendo wake. Unga unapanda haraka na kushuka ndani ya saa chache, kwa hiyo mtu anaishi kati ya kulewa na kuumwa, mara tatu, mara nne kwa siku. Methadoni ya kunywa inapanda taratibu na kukaa siku nzima. Kipimo kikishapatikana, mtu halewi wala haumwi, na akili inapata nafasi ya kuwaza kitu kingine. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walionyesha hivyo New York mwaka 1965. Kwetu ilianza Muhimbili Februari 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata, baadaye mikoani. Inatolewa bure. Asiyejidunga tena hashiriki sindano, na hilo peke yake limewaokoa watu na virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Mabaya yake niyaseme pia. Ukiikata ghafla ina arosto yake, inachelewa kuanza na inachukua wiki, siyo siku, kwa hiyo wanaopunguza wanapunguza kidogo kidogo wakiwa na daktari. Ukichanganya na pombe au diazepamu, inaweza kuzima pumzi. Na haimtibu mlevi wa pombe hata kidogo. Kuna mtu aliniuliza kama ampeleke mumewe "akanywe methadoni aache gongo". Hapana.

#12 Mgosi wa Soni

Bangi je? Na mirungi? Maana wengine tumekaa kimya tunasoma.

#13 Dirisha la Dawa

Mgosi leo umejileta mwenyewe. Bangi ya kila siku ukiacha utakosa usingizi, hasira za karibu, chakula hakipiti, jasho la usiku, wiki moja au mbili. Mwili hauangushwi kama pombe. Mirungi uchovu, usingizi mwingi, ndoto mbaya. Akili ni suala jingine na bangi inaweza kuwavuruga vibaya baadhi ya watu, lakini uzi huu ni wa mwili. Tramadoli ndiyo niwaonye: vijana wa bodaboda wanadhani ni dawa ya maumivu tu. Ni ndugu wa unga, ina arosto, na ukizidisha inaangusha mtu kwa degedege.

#14 Bint Chuda

Kaka Dirisha, nimesoma tangu juu nikarudia tena. Naomba unisaidie, na wengine msinicheke.

Mume wangu anakunywa. Si wa kuonekana, ni mtu wa heshima zake, ana duka. Anakunywa usiku na asubuhi kabla hajatoka, anaficha kwenye chupa ya maji. Kila Ramadhani anaacha. Mwaka jana, mfungo pili, yaani siku ya pili ya kufunga, tuko kwenye futari, mkono ukaanza kutetemeka, kikombe kikamdondoka, akaanguka, macho yamegeuka, povu. Mavyaa yangu akasema ni jini la baharini la ukoo wao. Akaletwa mtu, akasomewa, akapewa kombe. Usiku huo hakulala, anasema kuna watoto juu ya kabati. Siku ya nne akatulia, tukasema jini limekubali.

Mwaka huu tena anasema anaacha siku ya vunja jungu, yaani Jumamosi hii. Nilidhani nimeshajua la kufanya ikitokea. Sasa nimesoma hapa naogopa.

#15 Dirisha la Dawa

Dada, hakuna wa kukucheka hapa.

Ulivyoeleza, kutetemeka, kuanguka mfungo pili, kuona watoto juu ya kabati, ni mwendo uleule wa pombe kukatwa ghafla. Mwaka jana mmepona kwa rehema. Aliyewahi kuanguka mara moja ana uwezekano mkubwa wa kuanguka tena, na mara nyingi huwa kubwa zaidi kila anaporudia kuacha kwa ghafla. Asisubiri Jumamosi aache peke yake nyumbani. Aende hospitali kabla, akiwa bado anakunywa, aseme nataka kuacha. Mpaka atakapoonwa na daktari asikate yote kwa mara moja kwa hasira au kwa nadhiri.

Ukifika, mwambie daktari mambo haya bila kuficha hata moja: anakunywa nini na kiasi gani kwa siku, ya mwisho alikunywa saa ngapi, mwaka jana alianguka na aliona vitu, ana kisukari au presha au ini, anatumia dawa gani. Ukisema "ana homa tu" atatundikiwa dripu ya sukari arudi nyumbani. Mlevi anastahili B1 kwanza kabla ya hiyo sukari, na hataipata kama hawajui.

Akianguka kabla hamjafika: mlaze ubavu, ondoa vitu vya kugonga kichwa, msimtie kijiko mdomoni, msimshike kwa nguvu, na muondoke naye hospitali palepale.

Kuhusu jini sitabishana na mavyaa. Nitakwambia tu kwamba mwaka 1955 daktari Harris Isbell na wenzake walichapisha jaribio walilofanya Lexington, Kentucky, Marekani. Walikuwa wanaume 10 waliojitolea, wanakula vizuri na kupewa vitamini, wakanyweshwa pombe kila siku, baadhi yao zaidi ya wiki sita, kisha ikakatwa. Kabla ya hapo madaktari wengi walibishana, wengine wakisema ni njaa, wengine pombe yenyewe. Waliokunywa muda mrefu ndio waliotetemeka, wakaanguka, wakaona visivyokuwepo. Jaribio kama lile leo lisingeruhusiwa popote, lakini lilimaliza ubishi: kinachofanya hivyo ni kukatwa.

#16 Mwalimu wa Madrasa

Assalaam alaykum. Nimeombwa na mtu nipite hapa.

Dada yangu, kisomo hakigombani na hospitali. Kombe anywe ikiwa nyoyo zenu zinatulia, na daktari amuone. Tena kwa kufunga: mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Huyu ni mgonjwa. Asilazimishwe kufunga mfungo mosi ili mtaa usiseme. Kuacha pombe ni wajibu wake, ndiyo, lakini kujiangamiza katika kuacha si sehemu ya toba.

Wazee wa familia wakisita nipo, nitakuja kuzungumza nao. Nimeshazika kijana mmoja wa namna hii na niliosha mimi, watu wakasema amefia kwenye funga, kifo chema. Nilinyamaza siku ile.

#17 Fundi Baiskeli

Shekhe umenipa kitu cha kufikiria. Kuna mzee hapa jirani kila mfungo wa mwanzo "malaria inampanda".

#18 Kitasa cha Zamani

Hapo kwenye pombe nakubaliana na mwenye uzi. Sikujua kama pombe ya dukani yenye leseni inaweza kuua kwa kuachwa kuliko unga. Halafu tunaimba dawa za kulevya, dawa za kulevya. Viroba, zile pombe kali za pakiti, vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, gongo limebaki palepale. Kwenye methadoni bado nina shaka zangu.

#19 Machungwa ya Muheza

Samahani naingilia. Mdogo wangu ana mimba ya miezi mitano na anatumia unga. Mama anataka afungiwe aache kabla hajajifungua. Ni sahihi?

#20 Dirisha la Dawa

Asifungiwe. Arosto kali kwa mjamzito inaweza kuleta mimba kuharibika au uchungu kabla ya wakati. Wajawazito wanaanzishwa methadoni na wanafuatiliwa mpaka kujifungua, na mtoto akija na arosto wahudumu wanakuwa wameshajiandaa kumtibu. Mpeleke kliniki ya wajawazito na useme ukweli, watawaelekeza. Kama hujui pa kuanzia, piga 119, ni namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

#21 Zamani Teja

Dada wa Muheza, kliniki kuna kina mama wanakuja na watoto mgongoni. Asione haya. Wengine mimba waliibeba wakiwa kijiweni, leo watoto wanakimbia uwanjani.

#22 Mgosi wa Soni

Na hizi soba hausi, nyumba za kuwaweka wanaoacha ulevi? Kuna moja wanapiga watu, nimesikia.

#23 Dirisha la Dawa

Zipo nzuri, zinamsaidia mtu na lile la pili, la maisha kugeuka. Ila kabla hujalipa uliza: nani anawaona wagonjwa siku za mwanzo, kuna muuguzi au daktari, mlevi akianguka usiku wanampeleka wapi, ndugu wanaruhusiwa kuingia? Wakikujibu "hapa tunatumia nidhamu" na basi, geuza baiskeli. Mlevi anayetetemeka apite hospitali kwanza, soba hausi baadaye.

#24 Bint Chuda

Wapendwa, narudi. Jana nilimsomea mume wangu jibu la kaka na la mwalimu, nikiwa nimeficha jina la mtandao. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Mwaka jana niliona watoto?" Hakumbuki kitu. Mavyaa alikasirika, lakini shemeji yangu mkubwa alisimama na mimi.

Leo asubuhi tumekwenda, akiwa amekunywa kidogo ya asubuhi kama mlivyosema. Amelazwa. Daktari aliuliza karibu yale yale niliyoandika kwenye karatasi, akaniambia nimemrahisishia kazi. Wamempa B1 kwenye mshipa na hiyo diazepamu. Mkono bado unatetemeka ila anazungumza vizuri. Amesema watu waambiwe ni presha. Nimemkubalia, presha nayo anayo kweli.

#25 Mwalimu wa Madrasa

Alhamdulillah. Mavyaa mwachie mimi, baada ya Ijumaa nitapita.

#26 Dirisha la Dawa

Dada, siku ya pili mpaka ya nne usimwache peke yake wodini, hata kama leo anaongea vizuri. Akianza kuchanganya majina au kuokota vitu visivyokuwepo kwenye shuka, mwite muuguzi hapo hapo. Na kabla hajaruhusiwa muulize daktari ataendelea na nini nyumbani na lini arudi. Kutoa pombe mwilini ni hiyo wiki. Kukaa bila kunywa dukani kwake mwenyewe ni kazi nyingine na anahitaji mtu wa kuzungumza naye.

#27 Nahodha wa Sahare

Mimi niko methadoni kama Zamani Teja. Ilikuwa inanishika vizuri. Tangu nianzishiwe dawa za kifua kikuu haifiki jioni, saa kumi alasiri miayo, pua, miguu. Kijiweni wanasema methadoni imechakachuliwa, nijazie na kakete kamoja. Au niache hizi za TB kwanza?

#28 Dirisha la Dawa

Usiache ya TB, na usijazie. Methadoni haijachakachuliwa. Katika dawa za kifua kikuu kuna rifampisini, inalifanya ini livunje methadoni haraka, kwa hiyo kipimo chako cha zamani sasa kinaisha kabla ya siku kuisha. Baadhi ya ARV nazo zinafanya hivyo. Kliniki wanalijua, wanaongeza kipimo taratibu, na ukimaliza TB wanakipunguza tena. Lakini lazima wajue kuwa umeanza hizo dawa. Umewaambia?

#29 Nahodha wa Sahare

Sijawaambia. Niliogopa watanitenga kwenye foleni.

#30 Zamani Teja

Hawakutengi, barakoa tu watakupa. Kesho saa moja kasoro nipo pale, nisubiri getini tuingie wote. Beba na kadi yako ya TB.